Tujengewe njia ya miguu kwenye daraja la reli

Kwako Mhariri,

Nina malalamiko kuhusu daraja la reli hapa Ruiru. Reli hii, iliyofika Thika mwaka 1913, ilififia hadi nyasi zikaota, nasi tukaizoea kuwa njia ya mkato. Ilipokarabatiwa hadi Nanyuki mwaka 2020 treni zilirudi, lakini sisi wa miguu hatukupewa pa kupitia.

Majuzi nilivuka nyuma ya mama aliyebeba gunia la sukuma wiki mgongoni. Tukiwa katikati, honi ikalia. Alilitupa gunia mtoni, akainua sketi, akakimbia akiruka taruma hadi taruma. Alipofika ng'ambo hakulia. Aliuliza tu ni nani atakayemlipa mboga zake.

Najua barabara kuu ya Thika ina njia ya baiskeli tangu 2012. Iko mbali nasi, na mahali pengine boda boda wameigeuza steji.

New York waliigeuza reli iliyoachwa kuwa bustani ya kutembelea mwaka 2009. Yetu ingali hai, kwa hivyo mfano unaotufaa ni daraja la Victoria Falls: tangu 1905 lipo, na linapitisha treni, magari na wapita njia. Sisi hatuombi hata magari. Tuwekewe ujia mwembamba wa chuma ubavuni, wenye kizuizi, baiskeli ipite.

Wakuu wa reli na wa kaunti, tujibuni katika ukurasa huu. Nanyi wasomaji wa Thika mnaovuka kwa roho mkononi, andikeni pia.

Mkazi wa Ruiru