Mti wa Ukoo Darasani: Faida na Tahadhari Zake

Mara nyingi katika somo la historia watoto hupewa zoezi la kuchora mti wa ukoo. Zoezi hili ni jema, nami naliunga mkono. Hata hivyo, naona tunalifundisha nusu tu. Mtoto hutumwa akamwulize babu yake, hurudi na majina matatu au manne, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Hafundishwi kuthibitisha alichoambiwa. Wala mwalimu hajiulizi majina hayo yataangukia mikononi mwa nani.

Tuwatazame Wayahudi wa Ulaya. Sheria za Nuremberg za mwaka 1935 zilipoanza kumpima mtu kwa nasaba ya babu na bibi zake, vitabu vya ubatizo vilifunuliwa ili kuthibitisha asili ya kila mmoja. Katika sensa ya Mei 1939, Wajerumani walijaza kadi ya pekee iliyouliza kama babu au bibi alikuwa Myahudi. Hadi mwaka 1945 Wayahudi wapatao milioni sita walikuwa wameuawa. Baada ya vita, karatasi za watesaji ziligeuka kuwa njia ya kuwatafuta waliopotea. Katika mji wa Bad Arolsen, Ujerumani, zimehifadhiwa kumbukumbu za watu wapatao milioni 17.5, nazo zilifunguliwa kwa watafiti mwaka 2007. Wajukuu wa waliotawanyika, wakiwamo wa familia zilizokimbilia Kenya katika miaka ya 1930, huweza kutafuta humo majina ya wazee wao. Basi karatasi ile ile yaweza kuua, na yaweza kuunganisha.

Kwetu Songambele jambo hili si geni. Koo zetu hazikomei mpakani: Wahinda waliotawala Karagwe ndio waliotawala Nkore pia. Ng'ambo ya mto Kagera ni Rwanda, ambako vitambulisho vilivyoandikwa kabila tangu miaka ya 1930 vilitumika vizuizini mwaka 1994 kuwachagua wa kuuawa. Wakimbizi wengi waliingia mkoani mwetu. Tena mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, swali la "babu yako alitoka wapi?" lilikuwa zito katika nyumba nyingi.

Yafaa basi tufundishe hivi. Kwanza, mwalimu aandae ukurasa wa kubuni wenye umbo la rejesta ya shule, na kando yake masimulizi ya mzee juu ya familia ile ile. Watoto walinganishe. Mwaka wa kuzaliwa ukitofautiana, au jina likiandikwa kwa namna mbili, waulize: nani aliandika, lini, na kwa haja gani? Karani wa kodi hakuandika kwa ajili ya wajukuu. Waelezwe pia kwamba Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zimehifadhi majalada ya utawala wa Kijerumani, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997.

Pili, mtoto asilazimishwe kutaja asichotaka. Aruhusiwe kuacha nafasi wazi, au kuchora ukoo wa kubuni, bila kupunguziwa alama. Mwalimu asiulize kabila wala nchi. Michoro isibandikwe ukutani. Kila mtoto arudishiwe yake, aende nayo nyumbani.

Wako watakaosema kwamba, kwa hatari hizo, heri zoezi liachwe. Sikubaliani nao. Asiyefundishwa kuihoji karatasi ataishi akiamini kila kilichoandikwa juu yake, na juu ya jirani yake. Kazi yetu ni kumpa mtoto uwezo wa kuuliza, na papo hapo kuilinda siri ya nyumba yao.