Kongo haihitaji nyambizi, inahitaji manahodha wa mtoni

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haina nyambizi hata moja, na hakuna mkaazi wa Kisangani anayekosa usingizi kwa sababu hiyo. Pwani ya nchi, kule Muanda na Banana, ni kilomita 40 hivi tu. Lakini anayetaka kuelewa jeshi la majini la FARDC linakosa nini hana haja ya kuhesabu boti. Aangalie kwanza jinsi majeshi yenye nyambizi yanavyowapata makamanda wake.

Uingereza imekuwa na kozi ya makamanda wa nyambizi tangu mwaka 1917. Mabaharia wenyewe waliipa jina la utani, Perisher, kwa sababu ya wingi wa wanaoangukia humo. Afisa ambaye tayari ana miaka mingi ya kazi hiyo hupewa nyambizi halisi. Meli za kivita humjia kwa kasi, naye lazima ahesabu kichwani amebakiwa na sekunde ngapi kabla ya kuzama chini yake. Mwalimu husimama pembeni akimtazama. Akiona mambo yanaharibika, anachukua usukani. Anayeshindwa huteremshwa, na safari yake katika nyambizi huishia hapo. Cheo hanyang'anywi. Anachonyimwa ni chombo.

Ukali huo una sababu yake. Nyambizi ikiwa chini ya maji haiwezi kupiga simu makao makuu kila dakika kuuliza la kufanya. Kamanda huamua peke yake, na akikosea, wote waliomo wanalipa pamoja naye. Kwa hiyo wakubwa wake hutaka kujua mapema, wakiwa bado wanaweza kumzuia, ni mtu wa namna gani.

Sasa mtu atasema: hayo ni ya matajiri, na Mto Kongo si bahari ya Atlantiki. Ni kweli. Hata hivyo sajini anayetoka Kisangani na boti ya doria kuelekea Isangi, pale Lomami inapoingia mtoni, au Basoko penye mdomo wa Aruwimi, yuko katika hali inayofanana na ya yule wa nyambizi kuliko ya mkuu wa batalioni anayekaa mjini. Mtandao wa simu unakatika. Usiku unaingia. Mafuta ni yale yale aliyopakia asubuhi. Akikutana na balenieri iliyojaa watu kupita kiasi, au na vijana wenye silaha wanaovuka, au na moto, hakuna kanali wa kumuuliza. Mto wenyewe nao haukai mahali pamoja: kutoka Kinshasa hadi Kisangani ni zaidi ya kilomita 1,700 za visiwa, magogo na mafungu ya mchanga yanayohama kila msimu.

Jiografia inafanya jambo hili kuwa zito zaidi. Watu huzungumza juu ya jeshi la majini kana kwamba ni kitu kimoja, lakini maji ya Kongo yamekatwa vipande. Chini kuna Banana, Boma na Matadi. Maporomoko yanawatenga hao na Kinshasa. Toka Kinshasa maji yanafika Kisangani, na hapo maporomoko ya Boyoma yanafunga mlango. Mzigo unashuka na kupanda reli ya kilomita 125 hadi Ubundu ndipo urudi mtoni kwenda Kindu. Halafu kuna maziwa ya mashariki, Tanganyika, Kivu, Edward na Albert, kila moja na adui wake na ramani yake. Boti iliyoko Kinshasa haiwezi kwenda kuisaidia Kalemie. Kwa hiyo hata admirali hodari kiasi gani aliyeko mji mkuu hawezi kuongoza doria ya Basoko. Anachoweza ni kuchagua vizuri mtu atakayeiongoza, na kumfundisha.

Historia ya ukanda huu inaonyesha tofauti ambayo watu wachache waliofundishwa huleta. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town, zikapita Katanga kwa reli na kwa kuburutwa porini, zikateremshwa kwa mto Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo, mto huohuo unaokuja kupita mbele ya Kisangani. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani Kingani katika Ziwa Tanganyika, na Februari 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Ilikuwa vita ya wakoloni, wapagazi wa Kiafrika ndio walioibeba mgongoni, na hakuna sababu ya kuishangilia. Lakini ziwa lilibadilisha mkono kwa boti mbili na mabaharia wasiotimia mia.

Miaka mia moja baadaye, Septemba 2017, boti kwenye ziwa hilohilo zilikuwa za waasi wa Yakutumba. Walifyatua risasi kuelekea Uvira kutoka majini, na helikopta za MONUSCO zikaingia kuwasaidia waliokuwa nchi kavu. Na mwaka 2001, mto ulipofunguliwa tena baada ya vita kuugawa, doria ya Umoja wa Mataifa iliendeshwa na wanamaji wa Uruguay. Walifanya kazi ya maana. Ila nchi yenye mto wa pili duniani kwa wingi wa maji iliwaagiza mabaharia wa mto kutoka ng'ambo ya Atlantiki.

Watu si kwamba hawapo. Taasisi ya IISS ya London huhesabu wanamaji wa FARDC kuwa 6,700 hivi, na hesabu hiyo inajumlisha askari wa miguu. Hapo ndipo shida ilipo. Sehemu ya jeshi hilo imekuwa jeshi la nchi kavu lenye nembo ya nanga: hulinda kambi na hupelekwa vitani mashariki. Mwenye sare ya majini anaweza kupanda cheo bila kuulizwa kama anajua kusoma maji.

Wasafiri wa mtoni wana malalamiko mengine, na hayajifichi. Wanachokijua zaidi kuhusu dola majini ni vituo vya malipo: idara nyingi, sare nyingi, risiti chache. Mfanyabiashara wa mahindi kutoka Yangambi anaweza kutaja waliomtoza wote bila kukosea, lakini hamkumbuki aliyemwambia apunguze abiria. Aprili 2025 mashua ya mbao HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka. Watu wasiopungua 148 walifariki kwa mujibu wa maafisa. Kosa la moto ule haliwezi kuangushiwa jeshi. Hata hivyo ni haki kuuliza: kwenye safari kama hizo, ni wangapi kati ya wanaosimamisha chombo ili kukitoza wanaweza pia kukiokoa?

Wapo wanaojibu kwamba kwanza ziletwe boti na mafuta, mafunzo yatafuata. Hoja hiyo inasikika ya busara lakini imegeuzwa kichwa chini. Boti bila fundi na nahodha huishia kuwa chuma cha kuuza kando ya mto. Tena Kinshasa tayari ina kituo cha kikanda cha mafunzo ya urambazaji wa mito, CRFNI, chini ya tume ya bonde la Kongo, CICOS. Kuna RVF yenye kazi ya kuweka alama za njia. Kuna manahodha wazee wa raia, na kuna wavuvi wa Kigenya wanaosoma maji yaendayo kasi kama wengine wanavyosoma gazeti. Mtihani wa siku kumi mtoni, mbele ya jopo la watu hao pamoja na mwanamaji mwandamizi, usingegharimu bei ya boti moja. Atakayeshindwa abaki na cheo chake na apewe kazi ya ofisini. Wengi hawatapenda, hasa wale waliopata nafasi kwa njia ya kujuana.

Mtihani nao hauzuii kila ajali. Afrika Kusini, nchi pekee kusini mwa Sahara yenye nyambizi, ilipoteza watu watatu tarehe 20 Septemba 2023 wimbi lilipowazoa kutoka juu ya SAS Manthatisi karibu na Kommetjie, akiwemo afisa mwandamizi wa kike. Maji hayajali vyeti. Lakini huko ajali ilipotokea, ilijulikana nani alikuwa kamanda na alifundishwa wapi.

Kwa Kisangani swali hili liko karibu sana. Lubunga iko ng'ambo ya kushoto, na mji unaifikia kwa kuvuka maji. Mapigano ya Wambole na Walengola yaliyoanza kwa ugomvi wa ardhi yalipoingia hadi huko, familia zilikimbilia ukingo wa pili, na mto ukawa ndio njia ya kupelekea msaada na askari pia.

Bunge la jimbo la Tshopo haliwezi kumwamuru mkuu wa jeshi la majini, hilo linaeleweka. Linaweza kuuliza. Ni nani leo ana mamlaka ya kuondoa boti ya doria Kisangani usiku bila kusubiri kibali cha Kinshasa? Ni nani aliyempima, na lini? Na mwezi uliopita, boti hiyo ilikaa saa ngapi mtoni ikiwa haitozi mtu?