Kanisa Likishasimama, Lisikose Neno kwa Jirani

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hivyo ndivyo walivyonena wahenga, na methali hiyo ina sharti ndani yake: ujio wa mgeni una heri iwapo wenyeji wanapata nafuu kutokana nao. Hicho ndicho kipimo ninachopenda kukitumia kwa makanisa mapya yanayochipuka kando ya barabara itokayo Likoni kwenda Ukunda, Diani hadi Msambweni. Mengi huanzia chini ya mwembe au katika darasa la kuazima. Miaka ikipita, hupatikana kuta za mawe, paa la mabati, vipaza sauti na kwaya yenye sare. Je, kanisa likishasimama hivyo, huwa lingali na neno kwa jirani?

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kwa hiyo dalili ya kwanza naitafuta katika lugha. Kanisa changa hulazimika kusema lugha ya watu wa nje, kwa kuwa wa ndani bado ni wachache. Likishakomaa, huanza kujisemea lenyewe. Huzaliwa misemo kama "upako", na "kupanda mbegu" kwa maana ya kutoa fedha. Mkulima wa Msambweni akisikia mbegu, atafikiria mahindi. Ajabu ni kwamba pwani yetu imekwisha kuwa na msamiati wa pamoja: imani, dhambi, neema, nabii, malaika, hata Injili yenyewe. Maneno haya yenye asili ya Kiarabu yanaeleweka msikitini na kanisani vilevile. Kuyaacha na kujifungia katika misemo ya chama ni kujenga ukuta wa pili, usioonekana, ndani ya ule wa mawe.

Historia inatufunza. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla hajawa na waumini alianza kujifunza lugha na kutafsiri. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walihamia Rabai. Walioamini wakati huo walihesabika kwa vidole, lakini jirani alisikilizwa, na maneno yake yakaandikwa. Mwaka 1875 kilianzishwa kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Ilikuwa kazi ya huruma isiyo na shaka. Hata hivyo, kijiji chenye shule, kanisa na kengele yake kina mengi ya kushughulikia ndani, na anayeishi nje huweza kusahauliwa bila ya mtu yeyote kukusudia.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi huku Kwale. Wadigo wengi ni Waislamu, ilhali Wakristo wengi wa Ukunda na Diani walitoka bara kufuata kazi za hoteli na biashara. Kanisa laweza kujaa pomoni kila Jumapili pasiwe na mwenyeji hata mmoja anayelijua kwa wema wowote. Agosti 1997, ghasia zilipozuka Likoni na kuenea kusini, watu wa bara walishambuliwa na maelfu wakakimbilia kanisani. Chimbuko la ghasia zile lilikuwa siasa na ardhi, wala sidai kwamba sarufi ingezuia mishale. Nasema tu kwamba jirani asiyejulikana ni rahisi kuchukiwa.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili kinatosha. Ni kweli kwamba Chidigo na Kiswahili ni ndugu katika kundi la lugha za Sabaki, na Mdigo anakielewa Kiswahili vyema. Lakini kuelewa ni jambo moja, na kufarijiwa matangani kwa lugha ya mama ni jambo jingine. Nyenzo zipo: kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili ilitolewa mwaka 2004, na Agano Jipya kwa Chidigo likachapishwa mwaka 2007. Ni makanisa mangapi yaliyovinunua vitabu hivyo? Aidha, kumwendea jirani hakumaanishi kumwelekezea kipaza sauti usiku wa manane. Ni kumzuru mgonjwa hospitalini Msambweni, kuhudhuria mazishi, kuchimba kisima ambacho kila mtu atateka, na kurudi tena bila ya kuhesabu ni wangapi walioongoka.

Walimu wenzangu, wengi wenu ndio makatibu na wazee wa makanisa haya. Bajeti ya mwaka inapoandikwa, mko mezani. Ulizeni ni shilingi ngapi zinazovuka ua. Nanyi wanafunzi, sikilizeni mahubiri mkiwa na kalamu, mhesabu maneno ambayo mpita njia asingeyafahamu.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Kanisa lililokwisha kuezeka paa limepita siku zake za ugeni. Jembe linalingoja, na shamba liko nje ya ukuta.