Kanzu Ilirudi, Mwenyewe Hakurudi



Kijana wa miaka 17 alitumwa na baba yake kuwatazama kaka zake waliokuwa wakichunga mbali. Mama yake mzazi alikuwa amekwisha kufa. Alifika Shekemu, asiwaone. Mtu mmoja alimkuta akitangatanga, akamwelekeza Dothani. Tangu hapo hakuonekana tena nyumbani. Kilicholetwa ni kanzu yake, imelowa damu.

Bila shaka mmekwisha kumtambua: ni Yusufu mwana wa Yakobo, katika Mwanzo 37. Baba aliitazama kanzu ile, akaamini kwamba mnyama mkali amemla mwanawe. Kumbe damu ilikuwa ya mbuzi! Kijana alikuwa ameuzwa kwa vipande 20 vya fedha, na waliomuuza ndio waliokuja kumfariji baba. Ukijumlisha miaka inayotajwa katika kitabu hicho, baba na mwana walikaa miaka 22 hivi bila kuonana.

Fumbo hili halikuanzia Dothani, lilianzia nyumbani. Kanzu nzuri alipewa mmoja tu. Kaka zake wakamchukia, hata wakashindwa kusema naye kwa amani. Dalili zilikuwa wazi, lakini baba alimtuma peke yake kwa hao hao.

Na sisi je? Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake shuleni katika muda wa mwezi mmoja. Mtoto anayeumwa tumbo kila Jumatatu, anayerudi na sweta iliyochanika, au mwenye njaa ilhali ulimpa pesa ya chakula, huenda anasema bila maneno. Usimwambie avumilie tu. Keti naye mkichambua mboga, umwulize nani anamsumbua, kisha ukamwone mwalimu.

Na mtoto akipotea, usingoje kupambazuke. Toa habari polisi siku ile ile. Piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto katika Kenya na Tanzania. Waulize ndugu zake na wanafunzi wenzake, kila mmoja peke yake. Kumbuka, waliojua yaliyompata Yusufu walikuwa wakimfariji baba yao.

Mama, usiku huu kabla ya sala, mwulize mwanao: "Nani anakuonea?" Kisha nyamaza, umsikilize.