Ruta isigeuke bubu ikivuka mpaka wa Busia

Mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana jambo ambalo wafanyabiashara wa mpakani hawajalisahau: kwamba kupiga simu kutoka nchi moja hadi jirani yake kusiwe anasa tena. Mpango huo, uliojulikana kama Eneo Moja la Mtandao, ulishusha bei ya simu za kuvuka mpaka na kumwondolea msafiri gharama ya kupokea simu akiwa ugenini. Muuza samaki wa Majanji akaweza kuzungumza na mteja wake wa Kenya bila kukata maneno kwa hofu ya salio kuisha.

Biashara hiyo sasa imebadilika. Mteja wa leo haridhiki kuambiwa kwamba maharage ni safi, anataka kuyaona. Anaomba picha, anaomba video ya gunia likifunguliwa, anataka risiti ifike kwenye simu yake kabla lori halijaondoka. Wauzaji wa jumla nao wanadaiwa risiti za kielektroniki, Uganda kwa mfumo wa EFRIS na Kenya kwa mfumo wa eTIMS. Kazi hizo zote hufanywa na data, si dakika za maongezi. Ndiyo maana ruta ya waifai, iliyokuwa kifaa cha ofisi na hoteli, sasa inatafutwa na mtu wa kawaida wa Buhehe, wa Tororo na wa Malaba, aiweke nyumbani pale anapohifadhi bidhaa na kupangia safari za kesho.

Hapo ndipo anapokutana na mpaka ambao Eneo Moja la Mtandao halikuuondoa. Ruta inayonunuliwa Busia ya Kenya mara nyingi haifanyi kazi Busia ya Uganda, na ya Uganda haifanyi kazi Kenya. Mashine ni ile ile, imetoka kiwandani kule kule Asia, lakini ikivushwa kilomita chache inageuka bubu. Jambo hili halina sababu ya kuendelea, na wafanyabiashara wa mpakani ndio wenye haki ya kwanza ya kulidai.

Ruta zenyewe ni za aina mbili. Kuna inayounganishwa na waya wa mkongo unaofika hadi ndani ya nyumba, na kuna inayotumia laini ya simu, ikivuta mawimbi ya mnara kama simu ya mkononi na kuyagawa kwa simu na kompyuta zilizo karibu. Mkongo ungefaa zaidi, kwa kuwa hauyumbishwi na mvua wala msongamano wa siku ya soko. Na mkongo hauko mbali. Tangu nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya Uganda huja kwa njia ya Kenya na kuvuka Malaba na Busia. Lakini mkongo unaopita njia kuu ni sawa na bomba kubwa la maji linalopita mbele ya boma: wenye boma bado wanachota kisimani. Kwa nyumba nyingi za vijijini, ruta inayopatikana ni ile ya laini.

Ruta ya laini ina kasoro tatu mpakani.

Ya kwanza ni kufungwa. Kampuni za simu huuza ruta zilizofungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine. Anayenunua kwa bei nafuu dukani Kenya na kuileta Buhehe hugundua kwamba haiikubali laini yake ya Uganda. Akiiacha na laini ya Kenya, kadiri nyumba ilivyo mbali na mpaka mawimbi yanafifia, au ruta inadaka mnara wa Uganda na kutumia data kwa bei ya mgeni. Anayekaa karibu kabisa na mpaka ana taabu nyingine: ruta inarukaruka kati ya minara ya nchi mbili, na kifurushi kilichokusudiwa mwezi mzima kinaisha bila mwenyewe kujua kimekwendaje.

Ya pili ni idhini. Nchini Uganda, vifaa vya mawasiliano hupitishwa na Tume ya Mawasiliano, UCC. Nchini Kenya hupitishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Kila upande una ukaguzi wake na orodha yake. Sababu ya kukagua ni ya haki, kwani kifaa kibovu huweza kuvuruga mawimbi ya wengine. Lakini Kenya na Uganda zote ziko katika kanda ile ile ya masafa, Kanda ya 1 ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, na waifai ya 2.4 GHz ya Busia hii ndiyo ya Busia ile. Kukagua mara mbili mashine isiyobadilika kunamletea mnunuzi gharama bila kumwongezea usalama.

Ya tatu ni forodha. Wengi wanaujua mpango rahisi wa biashara wa Jumuiya, unaomruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kutumia cheti rahisi cha uasili. Mpango huo ni wa bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki. Mahindi, nyanya na mayai yanaingia. Ruta iliyotengenezwa nje haiingii. Anayevuka na ruta tano za kuuza akidhani cheti hicho kitamlinda atashangaa dirishani. Na akipita njia ya panya, anaweza kupoteza ruta zote pamoja na faida ya mwezi.

Mfano wa wazi zaidi wa mkanganyiko huu ni intaneti ya setilaiti. Starlink ilianza kuuza huduma nchini Kenya mwaka 2023, wakati Uganda ilikuwa haijaipa leseni. Kwa hiyo dishi lile lile lilikuwa biashara halali upande mmoja wa barabara na kosa upande wa pili. Kila nchi ina haki ya kutoa leseni kwa wakati wake. Lakini Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na huduma ni sehemu ya soko hilo kama bidhaa zilivyo.

Wapo watakaopinga. Kampuni za simu zitasema ruta hufungwa kwa sababu huuzwa chini ya gharama yake, na kampuni hurudisha fedha zake kidogo kidogo kwa vifurushi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini deni lina mwisho. Mnunuzi akishamaliza kulipa, au muda wa mkataba ukishapita, kampuni ilazimishwe kuifungua ruta bila malipo ya ziada. Mtu hauziwi ng'ombe kisha akaambiwa milele amnyweshe maji ya kisima cha muuzaji.

Serikali nazo zitataja usalama na mapato. Kuhusu usalama, laini zimesajiliwa pande zote mbili kwa vitambulisho, na ruta iliyofunguliwa haifuti usajili huo. Kuhusu mapato, data inatozwa kodi tayari. Uganda ilifuta ushuru wa shilingi 200 kwa siku wa mitandao ya kijamii mwaka 2021 na mahali pake ikaweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data, mbali na VAT ya asilimia 18. Kenya pia inatoza ushuru na VAT kwenye data. Data ikitumika zaidi, hazina zinapata zaidi. Mkulima wa Buhehe anayeshindwa kuiwasha ruta yake halipi kodi yoyote kwa data ambayo hakuinunua.

Tena, Jumuiya inajua kulitatua jambo la aina hii. Sheria yake ya viwango ya mwaka 2006 iliweka msingi wa nchi moja kutambua alama ya ubora iliyotolewa na nchi nyingine, ili bidhaa isipimwe upya kila mpakani. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichozinduliwa na marais wa nchi mbili Februari 2018, kilijengwa kwa wazo hilo hilo: msafiri asimame mara moja tu. Kilichobaki ni kuliingiza wazo hilo kwenye mawasiliano. Lipo hata baraza linalowakutanisha wasimamizi wa mawasiliano wa kanda, EACO, lenye makao Kigali. Mlango wa kubisha hodi unajulikana.

Wakati serikali zikisukumwa, mfanyabiashara hawezi kukaa akisubiri. Kabla ya kutoa pesa, na aanze na hesabu. Aandike kwa mwezi mmoja kila kifurushi anachonunua kwa siku, laini zote mbili, pamoja na cha mke au mume na cha watoto. Jumla hiyo ikizidi bei ya kifurushi cha mwezi cha ruta, ruta inalipa. Isipozidi, simu inamtosha. Asikimbilie pia neno "bila kikomo": vifurushi vingi vya namna hiyo vina kiwango ambacho kikipitwa kasi hushuka, na kiwango hicho huandikwa kwa herufi ndogo.

Akishaamua, amuulize muuzaji maswali manne mbele ya mashine yenyewe. Je, inakubali laini ya kampuni yoyote? Aombe ijaribiwe hapo hapo kwa laini atakayoitumia nyumbani. Je, imeidhinishwa katika nchi atakakoiweka? Je, ikiharibika, dhamana itatekelezwa wapi? Na je, inatumia umeme wa volti ngapi? Swali hili la mwisho lina uzito vijijini. Ruta nyingi hutumia volti 12, kiasi kile kile cha betri ya kawaida ya sola, hivyo fundi mwaminifu anaweza kuiunganisha isizime umeme unapokatika. Nyingine ni za volti 5, na hizo zikiunganishwa moja kwa moja na betri hiyo zinaungua.

Nyumbani, mahali pa kuiweka ni pa muhimu kuliko ukubwa wa antena zake. Paa la mabati na kuta nene huzuia mawimbi. Iwekwe juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara, si nyuma ya kabati wala juu ya jokofu. Kisha aingie kwenye mipangilio, azime matumizi ya data ugenini, na achague mtandao wake kwa mkono badala ya kuiachia ruta ichague yenyewe. Hatua hizo mbili pekee zinamwokoa mtu wa mpakani na gharama nyingi.

Halafu usalama. Ruta hutoka dukani na maneno mawili ya siri: moja la kujiunga na waifai, jingine la kuingia kwenye mipangilio. Yote mawili yabadilishwe siku ya kwanza, na ulinzi uchaguliwe wa WPA2 au WPA3. Neno la siri likishajulikana na mtaa mzima, kifurushi kinaliwa na mtaa mzima, na ajuaye kuingia kwenye mipangilio anaweza kumpeleka mwenye ruta kwenye kurasa za wizi. Majirani wanaweza kuchangia gharama kwa makubaliano, lakini kuuza intaneti kwa umma ni biashara inayohitaji leseni pande zote mbili. Ifahamike pia kwamba anayetuma pesa kwa namba za nyota na reli hapitii kwenye ruta. Anapitia mtandao wa laini iliyo ndani ya simu. Ruta haiondoi haja ya mnara mzuri kijijini.

Ujuzi huo unamsaidia mtu mmoja mmoja. Hauondoi kosa lililo katika mpango wenyewe. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vya Busia, Malaba na Tororo vimezoea kupeleka malalamiko ya mahindi yaliyozuiwa na ya samaki walioharibika wakingoja karatasi. Na vipeleke na hili, kwa madai matatu mafupi: data iingizwe katika Eneo Moja la Mtandao kwa bei inayojulikana, ruta iliyoidhinishwa na nchi moja ya Jumuiya itambuliwe na nyingine, na ruta iliyomalizwa kulipiwa ifunguliwe bure.

Neno bodaboda, linalotumika leo Afrika Mashariki nzima, linasemekana kuzaliwa Busia, pale watu walipohitaji kuvuka eneo lililokuwa kati ya vituo viwili vya mpaka na serikali hazikuwa na usafiri wa kuwapa. Wenye baiskeli wakaijaza nafasi hiyo. Leo nafasi iliyo wazi ni ya data, na safari hii baiskeli haitoshi. Leseni, idhini na bei za ugenini haziko mikononi mwa mwenye duka wa Buhehe. Ziko mikononi mwa Kampala, Nairobi na Arusha, na ndiko madai haya yanakopaswa kufika.