Mpime Mbunge Wako kwa Maswali Yake



Mwezi wa Aprili wewe huwa shambani, ukitazama mawingu na kuhesabu mifuko ya mbolea. Mwezi huo huo hesabu nyingine kubwa hufikishwa Bungeni, Nairobi. Kifungu cha 221 cha Katiba ya mwaka 2010 chamtaka Waziri wa Fedha apeleke makadirio ya mapato na matumizi ya Serikali angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Mwaka huo huisha tarehe 30 Juni. Basi, siku zile unapopanda mahindi ndizo siku ambazo Wabunge hukata shauri ni fedha ngapi zitakwenda kwa mbolea, barabara kuu, shule na hati za mashamba.

Wengi wetu hatuiangalii kazi hiyo. Humpima Mbunge kwa harambee. Alitoa kiasi gani? Alileta mabati mangapi? Mwenye mkono mwepesi wa kutoa twampigia makofi. Yule anayemsimamia Waziri na kumwuliza hesabu, twasema huyo ni wa maneno tu. Mimi naona tumeshika kipimo kisichofaa.

Hebu tufikiri pamoja. Zawadi ya harambee ni ya siku moja, na anayeitoa aweza kuinyima kesho. Fedha za bajeti si zawadi ya mtu. Ni zako. Ulizitoa uliponunua sukari, sabuni na mafuta ya trekta. Kifungu cha 95 cha Katiba kimelipa Bunge la Taifa kazi ya kugawa fedha hizo na kuangalia zinavyotumiwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kazi ya Mbunge ni kugawa mabati.

Zamani Mawaziri wa Kenya walikuwa Wabunge pia, wakikaa ndani ya Bunge na kuulizwa humo humo. Chini ya Katiba ya 2010 Waziri si Mbunge, lakini hakuachwa huru. Kifungu cha 153 chamlazimu kufika mbele ya kamati ya Bunge akiitwa, na kujibu swali lolote juu ya kazi yake. Kamati hizo zina uwezo wa kumwita shahidi kama Mahakama Kuu. Tena, kanuni zilibadilishwa baadaye ili Mawaziri wafike mbele ya Bunge zima na kujibu maswali ya Wabunge.

Utakumbuka habari za mbolea za mwaka 2024. Mwezi wa Machi ilifichuliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa bei ya ruzuku haikuwa na mbolea ya kufaa. Wakulima walikuwa wamekwisha kulipa, na msimu haumngoji mtu. Wabunge waliwaita wakubwa wa Serikali kuwahoji. Mbunge wa Bumula, Jack Wamboka, akaleta hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo wa wakati ule, na Bunge likaipitisha tarehe 2 Mei. Kamati ya Wabunge 11 ilipochunguza ikasema madai hayakuthibitishwa, na Waziri hakuondolewa kwa hoja hiyo. Wako wasemao basi kuuliza kulikuwa kazi bure. Mimi sikubali. Wenye madaraka walilazimika kueleza mbele ya watu jinsi mifuko ile ilivyofika ghalani, na maneno yao yakaandikwa. Serikali nayo iliahidi kuwafidia wakulima waliouziwa. Jambo lisiloulizwa halipati hata ahadi.

Lakini maswali si sawa yote. Mbunge akiuliza, "Je, Waziri ajua kwamba barabara yetu ni mbovu?" atajibiwa, "Ndiyo, jambo hilo linashughulikiwa." Wote wawili watakaa, na gari lako la maziwa litakwama kama jana. Swali la kufaa ni hili: Zilitengwa shilingi ngapi kwa barabara hii mwaka uliopita? Kati ya hizo, ni ngapi zilizotolewa hasa? Alilipwa nani, kwa kazi gani, na itakwisha lini? Fedha iliyoandikwa katika makadirio si lazima iwe imetoka. Baina ya kuandikwa na kutolewa ndipo mambo mengi hupotelea.

Mbunge hawezi kuuliza hivyo ikiwa wewe hukumpa habari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chama chenu cha ushirika kiandike: kazi ilisimama tarehe gani, ni mashamba mangapi katika skimu yasiyo na hati, ni mifuko mingapi ya mbolea iliyochelewa kupita wakati wa kupanda. Tunza stakabadhi zako. Karatasi moja yenye hesabu ina nguvu kuliko kelele za mkutano mzima.

Tena, upeleke swali mahali pake. Hati za mashamba, shule za sekondari na barabara kuu ni kazi ya Serikali ya Taifa. Hayo mpe Mbunge. Josho, Bwana Shamba, magonjwa ya mifugo, zahanati na barabara za kaunti ni kazi ya Serikali ya Kaunti. Hayo mpe Mwakilishi wa Wadi, naye aulize katika Bunge la Kaunti. Swali likipelekwa nyumba isiyo yake hurudi bila jibu.

Labda utasema swali halijengi daraja. Ni kweli, swali moja halijengi. Mwaka 2003, huko Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Ahadi kama hiyo haijikumbushi yenyewe; yataka mtu wa kuiuliza kila mwaka, hesabu mkononi. Msaada upo pia. Kifungu cha 229 chamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atoe taarifa yake katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Bunge liijadili katika miezi mitatu baada ya kuipokea. Mbunge aliyejibiwa kwa maneno matamu mwaka huu aweza kurudi na taarifa hiyo na kuuliza upya.

Basi, Mbunge wako akija kwenye mkutano, usianze na kuomba mchango. Mwulize mambo matatu: Mwaka huu ulimwuliza Waziri gani, na swali gani? Alijibu nini? Baada ya jibu hilo, kimebadilika nini hapa kwetu? Maneno ya Bunge huandikwa katika kitabu kiitwacho Hansard, hivyo majibu yake yaweza kuchunguzwa. Asiyekuwa na jibu hata moja, mabati yake yasikuzibe macho siku ya kura.