Amana Bila Hesabu: Kisa cha Filamu ya Great Falls



Wamo miongoni mwetu wapendao habari za visahani virukavyo angani, na wamo wazichekao. Mwezi huu twawaletea kisa ambacho wote waweza kukisoma kwa faida, kwani funzo lake latuhusu sisi tuishio ugenini kwa karatasi na mihuri.

Mwezi wa Agosti 1950, katika mji wa Great Falls, jimbo la Montana, Marekani, Bwana Nicholas Mariana, meneja wa timu ya besiboli ya mji huo, alikuwa uwanjani pamoja na karani wake. Akaona vitu viwili viking'aa angani. Alikimbilia garini, akatoa kamera yake ya filamu ya milimita 16, akavipiga picha kwa muda wa sekunde 16 hivi. Filamu yaonyesha nukta mbili nyeupe zikienda pamoja, kisha zikipita nyuma ya tangi la maji.

Jeshi la Anga la Marekani liliiomba filamu hiyo, naye akaitoa. Baada ya kuichunguza, jeshi lilieleza kuwa nukta zile ni mng'ao wa jua juu ya ndege mbili za kivita aina ya F-94 zilizokuwa zikitua katika kambi ya karibu. Lakini filamu iliporudi, Mariana alilalamika kwamba picha za mwanzo, thelathini na ushei, zilizokuwa bora kuliko zote, zimekatwa. Jeshi likakana, likasema limeondoa picha moja tu iliyoharibika wakati wa uchunguzi. Kila upande ukashika lake, na hadi leo hapana aliyeweza kuukata ubishi huo.

Uchunguzi ulifunguliwa tena mwaka 1952. Januari 1953 kamati ya wanasayansi iliyoongozwa na H. P. Robertson iliitazama filamu, nayo ikaelekea upande wa ndege. Miaka ya sitini, Chuo Kikuu cha Colorado kikairudia kazi hiyo kwa fedha za jeshi. Wataalamu wake walisema kuwa ndege zawezekana, ila haikuthibitika pasipo shaka. Kizuizi kimoja kilikuwa tarehe yenyewe: je, ilikuwa Agosti 5 au Agosti 15? Ndege zilizotajwa zilitua tarehe 15. Ikiwa filamu ilipigwa tarehe 5, maelezo hayo hayana pa kusimama.

Tazameni basi, ndugu zetu. Wataalamu walipima mwanga na pembe kwa vyombo vya thamani, lakini wakakwama penye mambo mawili ambayo kalamu ya senti chache ingeyamaliza: siku gani, na picha ngapi.

Nasi kila mwaka twakabidhi pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, hati za ndoa na barua za shule katika madirisha ya ofisi za watu. Aghalabu twaona haya kuomba stakabadhi, tukidhani kuwa kuomba ni kumtuhumu mwenzetu. Twasema sivyo. Stakabadhi humlinda mpokeaji kama imlindavyo mtoaji. Lau lile jeshi lingeihesabu filamu mbele ya mwenyewe na kutia sahihi, lingeweza kujisafisha kwa karatasi moja. Badala yake shutuma ile ingali yatajwa baada ya miaka zaidi ya sabini.

Kwa hiyo, kabla ya kukabidhi chochote: toeni fotokopi, hesabuni kurasa, andikeni tarehe, ombeni jina la mpokeaji na muhuri wa ofisi. Na wafundisheni watoto, kwani wao ndio watupelekao madirishani na kututafsiria. Wazee wetu walikwisha kutuambia: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hadi mwezi ujao, inshallah.